Breki za gari la mazao: Fundi au mwenyewe, ipi nafuu?

MVUA zinapokata na mpunga kuanza kuvunwa katika mbuga za Kakese, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kila chombo chenye magurudumu huwa na kazi. Canter hubeba magunia kwenda kwenye mashine za kukoboa, Noah zilizong'olewa viti hupeleka mchele mjini, na bodaboda na toyo huchukua kilichobaki. Hiyo ni miezi michache ambayo mwenye gari anategemea kupata fedha za kumfikisha msimu mwingine, na ndiyo miezi ambayo hataki kabisa kusikia habari ya gari kulala gereji.

Ndiyo maana breki zinapoanza kulia, madereva wengine huongeza sauti ya redio.

Zikizidi kulia, mwenye gari huanza kuuliza bei. Fundi anataka shilingi ngapi? Na je, mtu akinunua pedi na kuzifunga mwenyewe chini ya mwembe, ataokoa kiasi gani? Ni maswali ya haki kwa mtu anayehesabu kila shilingi. Tatizo ni kwamba yanahusu ile sehemu ndogo ya gharama. Ufundi wenyewe, yaani kufungua gurudumu, kutoa pedi za zamani na kuweka mpya, mara nyingi ndio wenye bei ndogo kuliko vyote. Gharama kubwa imejificha kwenye siku ambazo mwenye gari alichelewa, na kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevikagua wakati gurudumu limefunguliwa.

Hesabu ya pick-up moja

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye pick-up ya tani moja. Bei zifuatazo si za duka wala gereji yoyote, ni za kufanyia hesabu tu, na kila mmoja anaweza kuzibadilisha kwa bei anazoulizwa mjini Mpanda. Tuseme seti ya pedi za mbele ni shilingi 50,000, kopo la mafuta ya breki shilingi 10,000 na ufundi shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 80,000. Akifanya kazi hiyo mwenyewe analipa shilingi 60,000, na anabaki na 20,000 mfukoni.

Sasa tuseme mtu huyohuyo amezipuuza kelele kwa mwezi mzima, akisubiri mavuno yaishe. Pedi zinakwisha kabisa na bati lake la chuma linaanza kulila diski. Hapo atahitaji diski mbili, tuseme kwa shilingi 160,000, na pedi zilezile za 50,000, mafuta 10,000, na ufundi ambao sasa umepanda kufikia 30,000. Hiyo ni shilingi 250,000. Kama diski hazipo dukani Mpanda na zinasubiriwa kuja na basi, gari linalala siku mbili. Gari hilo likipeleka magunia 10 kwa safari, safari mbili kwa siku, kwa shilingi 3,000 kila gunia, linaingiza 60,000. Ukitoa mafuta ya 20,000 hubaki 40,000. Siku mbili ni 80,000 zilizopotea.

Hivyo kazi iliyokuwa ya shilingi 80,000 imekuwa ya 330,000. Tofauti ni shilingi 250,000, zaidi ya mara 12 ya ule ujira wa fundi aliokuwa akiukwepa. Na hapo hesabu imechukulia kwamba gari halikugonga kitu.

Upande wa vifaa nao una hesabu yake. Anayetaka kufunga breki mwenyewe anahitaji jeki imara, stendi mbili za kuegeshea gari, seti ya spana, bano la kurudishia pistoni na brashi ya waya. Tuseme vyote vinamgharimu shilingi 180,000. Akiokoa 20,000 kila mara, atabadilisha pedi mara tisa kabla ya kurudisha fedha hiyo. Kwa gari moja hiyo inaweza kuchukua miaka kadhaa. Mambo hubadilika kama vifaa hivyo vinatumika pia kwa kazi nyingine za gari, au kama majirani watatu wenye magari wamechangia na kuvitunza pamoja. Katika vijiji ambako watu wamezoea kukopeshana kupitia vikundi vya kuweka na kukopa, kununua jeki na stendi za pamoja si jambo la ajabu.

Kwa nini breki za shambani huwahi kwisha

Breki ni kifaa cha kugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anapokanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni hubana pedi kwenye diski au kutanua viatu vya breki, vile ambavyo mafundi huviita brekshuu, ndani ya dramu. Msuguano huo ndio unaosimamisha gari, na kila mara kinaliwa kiasi kidogo.

Katika mbuga za mpunga kuna adui wa ziada. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hunata kila mahali, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ukiingia kwenye kalipa, yaani lile bano la chuma linaloshikilia pedi, huzuia zile pini zinazoliwezesha kuteleza. Pedi ya upande mmoja hubaki imegusa diski wakati wote, hata dereva akiwa hajakanyaga kitu. Matokeo yake ni pedi ya ndani kwisha wakati ya nje bado ni nene, gari kuvuta upande mmoja, rimu kuwa ya moto na injini kulaumiwa bure kwamba inakula mafuta mengi. Kiangazi kikifika huja vumbi, ambalo kazi yake ni ileile ya msasa.

Kisha kuna mzigo. Noah ya abiria wanane imepangiwa uzito wa watu wanane, na Japan ambako magari hayo hutengenezwa kila abiria huhesabiwa kwa kilo 55. Hiyo ni kilo 440, dereva akiwamo. Gari hilo hilo likipakiwa magunia 10 ya kilo 100, limebeba zaidi ya mara mbili ya kilichokusudiwa, kabla ya kumhesabu dereva na mwenye mzigo aliyekaa pembeni yake. Na kama magunia yenyewe ni ya lumbesa, hakuna anayejua uzito halisi. Wakala wa Vipimo hupiga marufuku lumbesa kwa sababu inamnyonya mkulima, kwa kuwa gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Breki nazo zingekuwa na mdomo zingeshukuru.

Mwendo una nguvu kuliko mzigo. Gari likiongeza uzito mara mbili, breki hupata kazi mara mbili. Likiongeza mwendo mara mbili, kutoka kilometa 40 hadi 80 kwa saa, kazi ya breki huwa mara nne. Kwenye kilometa 80 kwa saa gari husafiri mita 22 kila sekunde moja. Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kuona mbuzi na kukanyaga breki amekwishapita mita 33 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Baada ya hapo, kwa breki nzima kwenye lami kavu, atahitaji mita nyingine 35 hivi. Kwa breki zinazoshika nusu ya nguvu zake, atahitaji 70. Hizo mita 35 za ziada ndizo zinazouzwa mtu anapoahirisha kununua pedi.

Lami iliyounganisha Mpanda na Tabora na ile ya kuelekea Sumbawanga imeleta neema kwa wafanyabiashara wa Katavi, lakini imebadilisha pia maisha ya breki. Gari lililozoea kutambaa kwenye makorongo kwa kilometa 30 sasa linatoka shambani na tope lake hadi kwenye barabara ya kukimbia. Anayesafirisha mazao upande wa Ufipa anakutana na milima ya Lyamba lya Mfipa, ambako gari lenye mzigo linaloteremka kwa kukanyaga breki mfululizo, badala ya kuachiwa gia ndogo ilishike, huchemsha breki hadi zinaacha kushika kabisa.

Kukagua hakuna gharama

Pedi mpya za magari madogo mengi huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 za lainingi, yaani ile sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati lililo nyuma yake. Ushauri wa kawaida wa mafundi ni kuzibadilisha zinapofika milimita 3. Kwa asiye na kipimo, njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Pedi iliyobaki na unene wa njiti moja na nusu imemaliza kazi yake, hata kama bado inashika vizuri. Rimu nyingi zina matundu, na kwa tochi ya simu mtu anaweza kuona pedi ya nje bila kufungua nati hata moja. Ya ndani ndiyo inayodanganya watu, na hiyo huonekana vizuri gurudumu likishatolewa.

Pedi nyingi nzuri zina kibati kidogo kinachogusa diski zinapokaribia kwisha na kutoa mlio mkali. Mlio huo ni ujumbe wa mapema. Ukishageuka kuwa mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, muda wa ujumbe umekwisha.

Chini ya boneti kuna kikopo cha mafuta ya breki chenye alama mbili, ya juu na ya chini. Pedi zinapoliwa, mafuta hushuka taratibu, na hilo si baya. Yakishuka ghafla yanavuja mahali fulani, na hapo anayejaza tu kila asubuhi anajiandalia msiba. Ni vyema pia kuangalia mipira ya breki inayoshuka kwenye magurudumu ya mbele kama ina nyufa, na upande wa ndani wa matairi ya nyuma kama kuna unyevunyevu.

Kazi ambayo mwenye gari anaweza

Kubadilisha pedi za mbele kwenye pick-up au gari dogo ni kazi ambayo mtu mwenye subira, aliyeionyeshwa mara moja na fundi, anaweza kuifanya kwa saa mbili. Waliozoea kufungua mashine za kukoboa au powertila hawataikuta ngeni.

Hatari ya kwanza si breki, ni jeki. Ardhi ya mbugani ni laini na jeki huzama upande, kwa hiyo gari lipelekwe mahali pagumu na tambarare, na jeki iwekewe ubao mpana. Hendibreki ivutwe, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Gari likishainuliwa liegeshwe kwenye stendi. Tofali la kuchoma hupasuka bila taarifa, na mawe yaliyopangwa huteleza. Hakuna pedi yenye thamani ya mkono wa mtu.

Wazoefu hufungua upande mmoja kwanza na kuuacha wa pili kama ulivyo, ili wakisahau jinsi vibati na springi vilivyokaa wakatazame upande ambao haujaguswa. Bolti ya chini ya kalipa hufunguliwa na kalipa huinuliwa. Kama inatolewa kabisa, inafungwa kwa waya kwenye springi ya gari. Kuiacha ining'inie kwenye mpira wake ni kuukata mpira huo kwa ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona.

Kabla ya kuweka pedi mpya pistoni inarudishwa ndani taratibu kwa bano. Kifuniko cha kikopo cha mafuta kifunguliwe na kitazamwe, maana mafuta hupanda na yakimwagika hubabua rangi ya gari. Pini za kalipa zivutwe, zisafishwe tope na zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi huyeyuka na kufika kwenye pedi, na pedi iliyoingia grisi haisafishiki, inatupwa. Petroli na dizeli nazo zikae mbali na mipira ya breki kwa kuwa huivimbisha. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kompresa, kwa sababu breki za zamani zilikuwa na asbesto, na hakuna anayeweza kulitambua kwa macho. Kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha.

Diski itazamwe na ipapaswe. Kama ina mifereji mirefu, nyufa, au ukingo uliosimama kwa nje, pedi mpya hazitakaa sawa juu yake. Diski nyingi zimechongwa namba ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na ikishapungua hapo haikerezwi tena, inabadilishwa. Pedi na diski hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja. Anayebadilisha upande mmoja ili kuokoa nusu ya fedha atapata gari linalotaka kuingia shambani kila likisimamishwa.

Kosa linalowagharimu wengi huja mwishoni kabisa. Pistoni ikiwa imerudishwa ndani, mkanyago wa kwanza wa breki hushuka hadi chini bila kushika chochote. Mtu aliyefurahi kumaliza kazi huwasha gari, huliondoa, na kukuta hana breki hatua 10 mbele. Pedali inapaswa kukanyagwa mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, hadi iwe ngumu, na mafuta kwenye kikopo yakaguliwe tena. Kisha pedi zizoeshwe diski kwa kusimamisha gari polepole mara kama 20 kwenye barabara isiyo na watu, zikipewa nafasi ya kupoa. Nati zikazwe upya baada ya kilometa 50 hadi 100.

Mahali pa kumwachia fundi

Breki za nyuma za dramu zina springi nyingi zenye nguvu na hendibreki ndani yake, na zikipangwa vibaya viatu hukaa vimebana au havigusi kabisa. Mwenye gari anaweza kuvua dramu na kukagua. Kuzipanga upya kwa mara ya kwanza afanye akiwa na fundi pembeni. Gari lenye diski za nyuma zilizounganishwa na hendibreki lina pistoni inayorudishwa kwa kuzungushwa, na anayeisukuma kwa nguvu huiharibu.

Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo kwenye mabomba au masta silinda imechoka. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, huenda busta imekufa. Taa ya breki ikiwaka kwenye dashibodi wakati hendibreki imeshushwa, au gari likiwa na mfumo wa ABS uliowasha taa yake, kazi hiyo si ya chini ya mwembe. Kutoa upepo kunahitaji watu wawili na mpangilio wake kwa kila aina ya gari. Ukikosewa, gari hutoka gereji likiwa baya kuliko lilivyoingia.

Kwa Fuso na malori mengine yenye breki za upepo, mwenye gari aishie kwenye kumwaga maji ya matangi ya upepo kila siku na kusikiliza mivujo. Chemba za breki za nyuma za malori mengi zina springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu akiifungua bila kujua.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, na masharti ya bima nyingi humtaka mwenye gari alitunze katika hali nzuri. Gari likipata ajali na breki zikakutwa mbovu, mwenye gari ndiye wa kwanza kuulizwa, hata kama alikuwa nyumbani amelala.

Kupatana na fundi

Malalamiko dhidi ya mafundi ni mengi, na mengine ni ya kweli. Lakini wenye magari nao huchangia wanapomtuma fundi akanunue spea peke yake, kwa fedha taslimu na bila risiti, halafu wakashangaa bei. Njia iliyo bora ni kukubaliana ujira kabla ya kazi, kwenda dukani pamoja, kulipa mwenyewe na kudai risiti ya mashine. Pedi za zamani zirudishwe mkononi mwa mwenye gari. Hizo ni kama vyeti vya hospitali: zikiwa zimeliwa upande mmoja, kalipa ina ugonjwa, na fundi ambaye hakusema lolote kuhusu hilo hakuangalia. Fundi mzuri analipwa kwa macho yake kuliko kwa spana zake. Shilingi 20,000 kwa mtu atakayegundua mpira ulioanza kupasuka si ghali hata kidogo.

Kwa mwenye gari aliye Kakese, bei ya fundi ina mkia: ama gari liende mjini, ama fundi alipiwe nauli ya kuja. Magari matatu yakipangwa siku moja, nauli inagawanyika kwa watu watatu. Vijana wa vijijini waliojifunza ufundi chini ya miti nao wasidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, ambapo fundi wa mitaani hupimwa, huongezewa alichopungukiwa na kupewa cheti. Kijana mmoja wa aina hiyo katika kata ni mali ya kila mwenye gari.

Kuhusu spea, bei ya chini sana iwe swali. Pedi bandia hukwisha haraka, au huwa ngumu kupita kiasi zikaila diski, na nyingine lainingi hubanduka kutoka kwenye bati. Dalili zake ni boksi lenye maandishi yaliyokosewa, kukosekana kwa namba ya toleo, na kingo zinazomomonyoka kwa kucha. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya bidhaa bandia, lakini asiye na risiti hana pa kuanzia. Pedi za mtumba kutoka kwenye magari yaliyokatwa zinauzwa pia, ingawa ni vigumu kuelewa mtu anaokoa nini kwa kununua kitu ambacho thamani yake yote ni unene uliokwishaliwa.

Pikipiki na toyo

Wengi Kakese hawana gari, wana pikipiki, na hapa jibu ni jepesi zaidi. Viatu vya breki vya pikipiki ya kawaida ni vya bei ndogo, na spana chache zinatosha kuvibadilisha. Kazi hii mwenye pikipiki aifanye mwenyewe. Pedali ya nyuma inapaswa kuwa na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kushika, na hurekebishwa kwa nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki. Kwenye dramu nyingi kuna mshale mdogo: ukifika kwenye alama wakati breki imekanyagwa, viatu vimekwisha na kukaza nati hakusaidii tena. Anayetoka mbugani aoshe magurudumu tope lisijakauka, kisha akanyage breki mara kadhaa akiwa kwenye mwendo mdogo ili zikauke. Toyo iliyobeba magunia matano ina breki zinazofanana na za pikipiki na uzito unaofanana na wa gari, kwa hiyo ikaguliwe kila wiki wakati wa mavuno.

Limebaki kopo la mafuta ya breki, ambalo nyumba nyingi hulihifadhi likiwa nusu kwa ajili ya msimu ujao. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani. Kwa kiwango cha DOT 3 ambacho magari mengi hutumia, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140, joto ambalo breki za gari lenye mzigo hulifikia kwenye mteremko mmoja mrefu. Yakichemka hugeuka mvuke, na pedali hushuka hadi sakafuni. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Mafuta ya injini au ya haidroliki yasiongezwe kamwe kwenye kikopo hicho, kwani huvimbisha mipira yote ya mfumo mzima. Na kopo lililokaa wazi tangu mavuno yaliyopita halifai tena kwa breki.